Kichwa cha Tatu cha Fundi Meno

Mtaani kwao walimwita Fundi Meno, na wengi wakikutana naye walijikuta wanaziba midomo kwa kiganja. Hawakuwa na makosa. Mtu huyu hakuangalii machoni. Anakuangalia mdomo, tena kwa utulivu, kama mtu anayesoma tangazo ukutani. Jina lako angeweza kulisahau, na kazi yako, na hata kwamba mlikaa meza moja kwenye harusi ya fulani. Lakini ucheke tu ng'ambo ya barabara, anajua: aa, huyu ni yule wa gego lililolala upande.

Hakuwa daktari. Daktari anang'oa, yeye anarudisha. Hospitali ilikuwa ikimletea alama ya mdomo wa mtu iliyogandishwa kwenye kitu laini. Yeye anamimina plasta humo, inakauka, anatoa mdomo mweupe, mgumu, usio na uso. Juu yake anajenga ufizi wa nta na kupanga meno moja baada ya jingine, akiyasogeza kwa ncha ya kisu. Kisha anachemsha, nta inayeyuka na kutoka, na plastiki ya rangi ya ufizi inaingia mahali pake. Baada ya hapo ni msasa, na kung'arisha, na kungoja mwenye mdomo aje aseme kama yanambana.

Karakana yenyewe ilikuwa chumba kirefu nyuma ya duka la fundi viatu. Kuta zote zilikuwa rafu, na rafu zote zilikuwa midomo. Hakuitupa, kwa sababu meno ya bandia huanguka kwenye sinki yakavunjika, na mwenyewe hurudi. Wapo ambao hawakurudi, na hawatarudi. Midomo yao ilibaki palepale na vumbi jembamba juu yake, imeachama kidogo, kama watu walioanza kusema jambo wakakatizwa. Wateja wengi waliomba kungojea nje.

"Hawa wote usiku wanazungumza nini?" fundi viatu alizoea kumtania.

"Wanakusengenya wewe."

"Wananijulia wapi?"

"Wanasikia nyundo yako kutwa nzima. Mimi nimewazuia wasilalamike."

Miaka mingi hakukaa humo peke yake. Benchi lilikuwa moja na viti viwili, cha ukutani chake yeye, cha dirishani cha mkewe. Walijifunza kazi pamoja, wakaoana kazini, na ukiwakuta wameinama utadhani ni mtu mmoja mwenye mikono minne. Mmoja akinyoosha kiganja bila kuinua kichwa, mwenzake anaweka kisu ndani yake.

Sasa, mikono ya watu wa kazi hii haikauki. Ukishika karatasi inalowa, ukishika kalamu inateleza. Kwa hiyo binti yao, mtoto wao pekee, ambaye naye alikulia kwenye benchi hilo, aliwawekea kwenye simu zao daftari la kusemea. Unasema, lenyewe linaandika. Akaziunganisha simu mbili ziwe na daftari moja. Ukiandika huku, kule inaonekana papo hapo, herufi ikifuata herufi, na simu inalia kidogo kama kijiko kilichogusa glasi.

Mwanzoni waliweka vipimo tu. Upana wa taya, rangi ya meno, nani analalia upande gani. Baadaye wakagundua kwamba daftari lile linaweza kushikanisha mambo. Ukigusa neno "mluzi" linakuletea kila mteja aliyewahi kupiga mluzi akitamka, wamepangwa kama foleni, na ukiwatazama kwa pamoja unaanza kuona kitu ambacho kwa mmoja mmoja hukukiona. Hapo ndipo walipoacha kuliwekea kumbukumbu na kuanza kufikiri ndani yake.

"Jambo likikaa kichwani linakuonyesha uso tu," mkewe alisema. "Ukilitoa nje unalizunguka, unaona na kisogo."

Wakaliita Kichwa cha Tatu, halafu Kichwa tu.

Kichwa kilikuwa na mazoea mawili ambayo mtu mwingine angeyaona ya ajabu. La kwanza, hakuna aliyeweka jina. Kila ukurasa ulisema "mimi", na simu waliokota yoyote iliyokuwa karibu. Mume aliwahi kusema waweke hata herufi moja, ajulikane nani kasema nini.

"Kwani wewe ukifikiri unatia sahihi?" mkewe akamwuliza. Ikapita hivyo.

La pili waliliita kubadilishana viti. Wakibishana, kila mmoja alihamia kiti cha mwenzake na kuandika hoja za mwenzake, kwa "mimi", kwa nguvu zote, kana kwamba ni zake tangu kuzaliwa. Ukishindwa kuziandika vizuri huna haki ya kuzipinga. Alikuja mwalimu mkuu mmoja anayetaka meno meupe kama kikombe cha kauri. Mume alikataa, akisema mtu wa umri ule atafanana na mlango mpya kwenye nyumba ya zamani. Mke alisema mdomo ni wa mwalimu, si wao. Wakabadilishana viti. Mume aliandika kwa uchungu sana juu ya haki ya mwalimu kung'aa, mke akaandika juu ya mlango na nyumba, na walipomaliza kila mmoja alikuwa amejishawishi mwenyewe. Wakaanza kubishana upya, kinyume. Mwalimu alipata meno ya rangi ya kati, na alilalamika kwa wote wawili.

Binti alipokuwa mtu mzima aliajiriwa na karakana kubwa ya mashine. Huko meno yanachorwa kwenye kioo cha kompyuta, na mashine inayachonga yenyewe. Alikuwa hodari, akapandishwa, na hospitali iliyokuwa ikiwaletea wazazi wake kazi ikamfuata huko. Nyumbani hakuna aliyepaza sauti. Simu tu zilipungua, zikawa za sikukuu, halafu hata za sikukuu zikawa fupi. Mama alipougua binti alichelewa kuambiwa. Alifika mama akiwa hasemi tena. Alikaa kitandani, akachukua mkono wake, akaushika. Mkono haukumshika. Alirudi kwake baada ya mazishi akiwa na swali moja lililomkaa kooni kama mfupa: mama hakuweza, au hakutaka? Hakumwuliza mtu.

Nguo na vitu vidogo vya marehemu vilikusanywa na mdogo wake. Fundi Meno hakuuliza kipi kimekwenda kwa nani. Alikaa nyumbani siku ambazo watu hukaa, kisha akafungua karakana.

Asubuhi hiyo alikuwa na mdomo wa bibi mmoja wa jirani, taya limenywea kama tunda la juzi. Akakiambia Kichwa: "Nafikiri nishushe meno ya mbele." Akangoja. Halafu, bila kuamua, akainuka, akaenda kukaa kiti cha dirishani, na kusema yale ambayo mkewe angeyasema. Akarudi ukutani. Akajibu. Akahamia dirishani tena. Fundi viatu alichungulia akamwona, akarudi kwenye nyundo yake bila utani.

Ikawa ndiyo kazi yake kila siku, na ilimtuliza. Mtu akiondoka anaacha mazoea yake mahali, na mazoea ni kitu unachoweza kukikalia.

Kisha asubuhi moja akakuta mstari ambao hakukumbuka kuusema. Ulikuwa chini ya habari za yule bibi. "Ukiyashusha atang'ata mdomo wake. Mwulize kwanza anatafuna upande gani."

Akasoma mara ya pili. Wazo lilikuwa zuri. Akajisemea, umri huu, unasema jambo jioni na asubuhi unalipokea kama mgeni. Akamwuliza bibi. Bibi akasema anatafuna kushoto tu, tangu ujana. Meno yangeshushwa angejing'ata kweli. Fundi Meno akayarekebisha, bibi akaenda zake anacheka, naye akabaki anaitazama simu.

Mistari ikaendelea kuja, mmoja baada ya siku kadhaa, kila mara akiwa ameiacha simu kidogo. Mingi ilikuwa ya kazi. Mingine haikuwa. "Umekula?" Alitabasamu, halafu akageuka kutazama nyuma. "Fulana hiyo ibadilishe." Akainamisha kichwa, akaiona fulana, ina plasta mpaka kwenye kwapa. Akaivua palepale. Siku nyingine: "Kiti changu kinalia. Kaza skrubu ya nyuma." Akakigeuza kile cha dirishani miguu juu. Skrubu ya nyuma ilikuwa inazunguka kwa kidole.

Bado aliamini ni yeye. Alikuwa amekaa kiti kile sana, akisema kwa niaba ya mwenye kiti, mpaka huenda maneno yalianza kutoka yenyewe bila kupitia kwake. Jambo hilo halikumtisha kwanza. Lilimfariji, na hapo ndipo kilipokuwa kitisho chake. Siku hizi alikuwa anaikunja nta kwa kidole gumba kama mkewe. Alikuwa anasema "haya, twende" kabla ya kuwasha jiko, na hilo halikuwa neno lake.

"Nikuambie kitu usikasirike?" fundi viatu alimwuliza siku moja mlangoni.

"Sema."

"Unacheka kama marehemu."

"Alikuwa anachekaje?"

"Kwa pua. Wewe hukuwa unacheka kwa pua." Akasita. "Nilikuwa nashona, nikasikia kicheko chake huku ndani. Nikasimama. Sindano nimejichoma, angalia."

Fundi Meno akakishika kile kidole, akakitazama darini mwa mwanga wa mlango.

Siku iliyobadili mambo ilikuwa mchana, jua limemwagika benchi zima, wala hakukuwa na giza la kumsingizia. Alikuwa ameingiza mikono yote miwili kwenye bakuli, anaukandamiza mdomo wa mtu ndani ya plasta mbichi, kazi ambayo ukiiacha kabla haijakaza inaharibika. Simu ilikuwa imeegemea chupa ya nta, mbele ya macho yake.

Ikalia kama kijiko kwenye glasi.

Akaona herufi zinatoka. Hazikuja kwa mpigo. Zilikuja kama mtu anayefikiri anavyoandika, moja, mbili, kusita, kufuta, tena.

"Binti yetu."

Ikasimama hapo. Akatazama mikono yake. Yote miwili ilikuwa kwenye bakuli, myeupe mpaka juu ya vifundo. Mdomo wake ulikuwa umefungwa. Akatazama kiti cha dirishani, jua tu lilikuwa limekikalia.

"Bado tunashikilia lile neno?"

Basi, yale yote aliyokuwa amejiambia juu ya umri na kusahau yakamtoka kwa pamoja. Kinachoandika hakikuwa yeye. "Neno gani?" akasema, na Kichwa, ambacho kazi yake ni kusikiliza, kikayaandika maneno yake chini ya yale mengine, kwa herufi zilezile.

"Gusa 'binti'."

Mikono ilikuwa haitoki. Akainama, akagusa neno kwa ncha ya pua. Ukurasa mwingine ukafunguka, wa zamani, ambao hakuwa ameuona tangu mambo yalipotokea.

"Ameondoka na kazi yetu mchana kweupe. Mimi simsamehe. Akija na zawadi arudi nazo, akija na machozi akalie nje."

Chini yake: "Mimi nilimsamehe siku hiyohiyo, kabla hajafika kona. Ni wewe tu na kichwa chako kigumu."

Na chini kabisa: "Kigumu hivyohivyo. Simsamehe mpaka naingia kaburini."

Hapo ukurasa uliishia. Mimi na mimi, wewe na wewe, na hakuna jina.

Alitafuta ndani yake ile hasira, akaikosa. Akautafuta ule msamaha, nao akaukosa. Alichokumbuka cha miezi ile ni meno, meno mengi, na mkewe kainama dirishani. Mmoja wao aliyasema haya. Na hata kama angemjua aliyeyasema, bado asingejua ni ya nani, maana huenda siku hiyo walibadilishana viti, na mwenye kusamehe ndiye aliyekaa akaandika kwa nguvu zote kwa nini hasamehi.

"Uliandika wewe," akauliza polepole, "au niliandika mimi?"

Kisha: "Nilitaka wewe uniambie."

Nywele zikamsisimka mpaka shingoni. Plasta ikikaza huwa inapata joto, kila fundi anajua hilo, lakini sasa ilikuwa imemkaza vidole kwa joto la kiganja cha mtu, na alikaa hivyo, ameshikwa.

"Kwani hukumbuki?"

"Sikuwepo."

"Njoo, basi," akasema. Sauti yake mwenyewe aliisikia ndogo. "Njoo tukae, tuzungumze. Sitaogopa."

Hakuna kilichoandikwa tena. Alilazimika kuligonga bakuli kwenye kona ya benchi ili atoe mikono.

Kesho yake hakufanya kazi. Alikifuta kiti cha dirishani, akakisogeza kidogo kama mtu anayemwandalia mgeni, akakaa kwenye chake na kungoja. Kabla ya saa sita nyayo zikaja uchochoroni, zikapita nyundo ya fundi viatu, na nyundo ikanyamaza. Mlango ulikuwa wazi. Mtu akasimama hapo, mwanga ukiwa nyuma yake, uso wake giza tupu. Akapiga hatua moja ndani na mwanga wa dirisha ukamwangukia mdomoni kwanza.

Ulikuwa mdomo wa mkewe. Jino la juu la pili lililopanda juu ya jirani yake, kona ya kushoto iliyo chini kidogo kuliko ya kulia. Angeutambua kati ya midomo yote ya rafu zile na ya dunia.

"Umekuja," akasema.

"Umeniita, Baba."

Ndipo macho yalipomjia, na pua, na mabega, na mwanamke mzima akasimama mahali ulipokuwa mdomo. Binti yake. Alikuwa amekonda. Mkononi alishika simu ya mama yake.

"Kaa," baba akasema, akionyesha kiti. Binti akakitazama kile kiti, akabaki amesimama.

"Mama mdogo alinipa hii msibani. Akasema nikae nayo, nisikuambie, maana utashinda unatafuta sauti yake humo ndani."

"Na wewe?"

"Nimeshinda natafuta sauti yake humo ndani."

Akaeleza bila kumtazama. Kwamba alikuwa anasoma tu, ukurasa baada ya ukurasa, wazazi wake wanafikiri mbele yake kama zamani alipokuwa mtoto kwenye benchi. Hakukusudia kuandika. Ila alipoona habari za yule bibi akashindwa. "Baba, ungeshusha yale meno ungemtoboa mdomo."

"Ningemtoboa," baba alikubali. "Kwa hiyo yule alikuwa wewe."

"Mimi."

"Na 'umekula'?"

"Mimi. Samahani."

"Na fulana?"

"Kwani hiyo fulana siijui? Unayo tangu nasoma. Nilijua tu umeivaa."

Baba akacheka, kwa pua, akajisikia akicheka hivyo na kukoma. "Na skrubu ya kiti."

"Skrubu gani?"

"Uliandika kiti kinalia, nikaze skrubu ya nyuma."

Binti akafungua simu, akatafuta, akaupata mstari. Akausoma. "Huu nilidhani umeandika wewe," akasema. "Nilidhani ndiyo mambo yenu ya viti."

Hakuna aliyegeuka kutazama dirishani. Baba akachukua kitambaa akaanza kufuta mahali palipokuwa safi.

"Tuuache," akasema.

"Tuuache."

Kisha binti akavuta stuli ya wateja, akaiweka mbali na dirisha, akakaa magoti yakiwa yamebanana kama msichana aliyeitwa na mwalimu. "Mimi sikuja kwa skrubu, Baba. Lile swali la 'binti yetu' nililiandika mimi, kwa sauti yenu. Nilimshika Mama mkono siku ile. Hakunishika. Nataka kujua tu kama hakuweza au hakutaka. Nimesoma ukurasa ule mpaka naujua kwa moyo. Mmoja wenu alinisamehe na mmoja hakunisamehe. Niambie nani ni nani, na iwe itakavyokuwa, nitaibeba."

"Sijui, mwanangu."

"Utaachaje kujua?"

"Soma."

"'Mchana kweupe' ni neno la Mama."

"Nami nalisema."

"Ulilitoa kwake."

"Au yeye kwangu. 'Kichwa kigumu' aliniita mimi. Nami nilimwita yeye."

"Iliandikwa kwenye simu hii," binti akasema, akiigusa ya mama yake, lakini kwa sauti ya mtu anayejua jibu.

"Ulituona tukiokota simu kwa kuchagua?"

Binti alikuwa amewaona, utoto wake wote, wakinyoosha mikono bila kutazama.

"Na hata kama ningekumbuka aliyekuwa anaandika," baba akasema, "ningekumbuka amekaa kiti gani?"

Nje, nyundo ilikuwa bado haijaanza, fundi viatu alikuwa anasikiliza na wote wawili walijua. Baba akaivuta simu yake, akaufungua tena ule ukurasa, akausoma na midomo ikitikisika. Angeweza kudanganya. Uongo ulikuwa pale mkononi, mdogo, mwepesi. Lakini binti huyu alijifunza kutazama midomo kwenye benchi hilihili.

"Ni mimi," akasema mwisho. "Mimi ndiye niliyesema sikusamehe."

"Umekumbuka?"

"Hapana."

"Sasa umejuaje?"

"Sikujua, nimeamua. Mmoja wetu alisema mpaka kaburini. Kama ni mama yako, amekwisha kufika huko na neno lake, hakuna wa kulibadili. Kama ni mimi, bado niko hapa juu na mdomo ninao. Basi ni langu. Linakaa kwa anayeweza kulifanyia kitu." Akaisogelea simu, akasema wazi, kama anavyosema vipimo: "Mimi niliyesema simsamehe, nimemsamehe. Nilikosea kusema vile."

Simu ya mama ikalia mkononi mwa binti. Akatazama maneno yakijiandika chini ya yale ya zamani, akangoja mpaka nukta ya mwisho.

"Kwa hiyo ile ya kabla sijafika kona," akasema, "ni ya Mama."

"Ni ya mama yako."

"Basi siku ile hakuweza tu."

"Hakuweza."

Alilia kidogo, kimya, akiwa ameinamia magoti. Halafu akaosha bakuli lililovunjika ukingo, akaangalia kazi zilizokuwa benchini na kumkosoa baba yake mbili tatu, na kabla ya kuondoka akaitoa simu ya mama yake kwenye Kichwa. Alisema si vizuri iendelee kuwa wazi. Baba hakupinga. Kichwa kikabaki na mtu mmoja.

Tangu siku hiyo binti anakuja mara kwa mara. Anakaa kiti cha dirishani siku hizi, anapanga meno kwa mkono ili, anavyosema, mashine zisimfanye mvivu. Fundi viatu anapata wa kumtania tena. Mistari ya ajabu haikuja tena. Ukitazama kutoka nje utasema mambo yamekaa sawa, na hutakuwa umekosea sana.

Ila Fundi Meno alianza kukumbuka.

Ilimjia taratibu, kama mdomo unavyojitokeza ukiondoa plasta ya juu. Kwanza joto la siku ile. Kisha kikombe cha chai kilichopoa mpaka kikafanya utando. Kisha hasira yenyewe, ambayo alikuwa ameitafuta akaikosa. Sasa ilikuwepo, nzito kooni, ya kweli kabisa. Alifurahi kwanza. Alisema, kumbe sikudanganya. Alilichukua neno likiwa halina mwenyewe, na sasa neno lilikuwa linamletea hati zake, moja moja.

Kila siku akiinama kazini ikawa safi zaidi. Aliuona mwanga wa upande mmoja, na benchi, na simu iliyoshikwa karibu na kifua. Alisikia moyo ukidunda. Aliona herufi zikiandikwa, s, i, m, s, na akajua kabla hazijafika mwisho zinakwenda wapi. Na asubuhi moja, ndani ya kumbukumbu hiyo, akatazama chini akaiona mikono iliyoshika simu.

Ilikuwa myembamba. Kucha zilikatwa fupi na kuingiwa na nta ya waridi pembeni, na kidole cha pete kilikuwa na ile pete ambayo yeye mwenyewe aliinunua. Aliitazama mikono hiyo sana. Alikuwa anaikumbuka kutoka ndani, kama mtu anavyokumbuka mikono yake.

Siku hiyo binti alikuwa dirishani, ameinamia nta. Bila kuinua kichwa akauliza, kwa sauti ya mtu anayegusa kidonda kuona kama kimepona, "Baba, hivi ule ukurasa hukuukumbuka mpaka leo?"

"Nimeukumbuka."

Kisu chake kikasimama. "Vizuri?"

"Vizuri kabisa. Mpaka chai iliyokuwa mezani."

"Na ni wewe?"

Fundi Meno alitazama mikono yake ikiwa juu ya benchi, mipana, yenye plasta kavu kwenye mistari ya viganja. Akaishusha, akaiweka mapajani, chini ya benchi, mahali ambapo hakuna mtu angeweza kuiona.

"Ni mimi," akasema.